Jemadari wa Akina Mama

Niliiba bendera ya akina mama wa kanisa letu la Woodley, nikaifanya joho la jemadari wa Kirumi. Msinihukumu! Mwalimu wa drama alikuwa ameapa kwamba nisipopata joho jekundu nitaigiza farasi, na bendera ilikuwa chumbani kwa mama, nyekundu ajabu.

Nikaifunga begani kwa pini, maandishi yakiwa ndani. Jukwaani niling'ara, aki!

"Askari, nifuateni!" nikanguruma, nikatandaza joho kwa mikono miwili.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mkono wa kulia ulisema WAKE, wa kushoto WEMA.

Mama akasimama katikati ya wenzake wa kanisani, waliokuja kutazama: "Jemadari, Jumapili utatuongoza kuingia kanisani na bendera yetu, na utaimba soprano pamoja nasi."