Ini Langu, Mawe Yake

Katika nyumba yetu ya chumba kimoja kule Makongeni, ini lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mimi. Firigisi vilevile. Mayai nayo yalikuwa yangu, mawili kila asubuhi, kwa kuwa nilikuwa karani wa reli, na kazi ya kalamu huchosha kuliko kubeba mtoto tumboni. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, na mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Alikula ugali na mboga ya sukuma, akateremshia kwa chai ya rangi. Hakuna aliyemkataza kuomba zaidi. Hakuomba. Alikuwa amelelewa vizuri.

Jumapili, watu wa kwetu walipokutana katika ukumbi wa Kaloleni, wazee walituonya sisi vijana: "Mwenye mimba usimpe yai. Mtoto atakuwa mkubwa, atolewe kwa kisu." Tuliitikia kwa vichwa, kisha tukaletewa kuku.

Wala si kwamba nilikosa shule. Sekondari nilichora kondo la nyuma katika mtihani wa bayolojia, mishipa yote mahali pake, na mwalimu akalionyesha darasa zima. Nilijua kwamba mtoto hulishwa na damu ya mama. Nilijua hivyo kwenye karatasi. Haikunijia kamwe kwamba mchoro ule ulihusiana na sahani yangu.

Kliniki walimpa vidonge vya kuongeza damu. Vikamtia kichefuchefu, nami nikamwambia aviache, mama yangu alizaa tisa bila kidonge hata kimoja. Sikuongeza kwamba tulibaki watano.

Mimba ilipofika mwezi wa tano akaanza kutamani mawe, yale laini ya udongo yanayouzwa vibandani, ambayo wajawazito huyatafuna kama biskuti. Hapo nikajiona mume kamili. Kila jioni nilipotoka kazini nilimnunulia, nikayabeba mkononi waziwazi majirani wapate kuona.

"Huyo anajua kutunza," walisema.

Nilikubaliana nao.

Siku moja alianguka bombani akiteka maji. Nikampeleka kliniki mwenyewe. Muuguzi alimvuta kope la chini, akatazama, akamuuliza, "Mama, unakula nini nyumbani?"

Nikamjibia. "Anakula vizuri, sista. Mawe hayakosi hata siku moja."

"Na wewe mzee, unakula nini?"

Nikataja ini, nikataja mayai. Muuguzi alikitazama kitambi changu kwa muda. "Kwani ni nani mjamzito hapa?"

Wanawake waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akashika mgongo.

"Sikiliza," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hamu ya mawe mara nyingi ni upungufu wa damu. Mwili unaomba msaada, wewe unaupelekea udongo. Na huyo aliye ndani anajengwa sasa hivi, moyo, figo, kila kitu. Usidhani utakuja kurekebisha yote akishaanza shule."

Nilirudi nyumbani nimenuna, nimeaibishwa mbele ya wanawake. Jioni mke wangu alikaanga ini, akaniwekea mbele yangu, akakaa. Akanitazama. Alikuwa akisubiri, na nilijua anachosubiri. Nikalila lote.

Binti yetu alizaliwa kabla ya wakati wake. Majirani walimwita kifaranga. Mimi nilisema injini ndogo haili mafuta mengi, wakacheka. Kisha akakua, akaruka kamba na wenzake, nami nikahesabu kwamba muuguzi alikuwa mtu wa kupenda maneno.

Presha ilimpata kabla hajafika miaka thelathini. Mwaka jana alishika mimba, na daktari akamuuliza alizaliwa na uzito gani. Akaja kwetu kutoka kwake Mowlem, miguu imevimba, akakaa kati yangu na mama yake.

"Baba, daktari anasema waliozaliwa wadogo wanaweza kupata presha kirahisi zaidi. Hasemi ndiyo sababu, anauliza tu. Mama alikuwa anakula nini akiwa na mimi?"

Mke wangu alinitazama vile vile alivyonitazama ile jioni ya ini, na akasubiri.

"Mawe," nikasema. "Nilimnunulia mwenyewe. Na vidonge nilimwambia aache."

"Na ini, mayai, vitu kama hivyo?"

"Vilikuwepo. Nilikula mimi."

"Ai, Baba. Hata kipande?"

"Hata kipande."

Wiki iliyofuata nilimpelekea kilo nzima ya ini, nimelikaanga mwenyewe kwa vitunguu na chumvi. Alilionja, akalisukuma kando. Kumbe chumvi amekatazwa, na ini lenyewe ameambiwa lisizidi. Hata kutubu nilikuwa nimetubu bila kumuuliza mtu.

Basi nikamuuliza anataka kula nini. Nina zaidi ya miaka sabini, na sikumbuki kuwahi kumuuliza mjamzito swali hilo.

"Mayai," akasema. "Mawili, asubuhi."

Kila asubuhi namchemshia, naondoka kwangu saa kumi na mbili na nusu, yasije yakapoa.