Picha Iliyopenya Ukungu

Harufu ya mkulo haifichiki. Mti huo ni marufuku kuukata; ukikatwa hunuka kama dawa ya kikohozi, na harufu yake huganda kwenye nguo hata ukizifua mara ngapi. Ndiyo iliyomnyima Lukresia usingizi tangu masika yaanze. Kila jioni mwanawe Primus alirudi akidai ametoka kupakia ndizi sokoni Kiboriloni, na kila jioni koti lake lilinuka mkulo. Mama alilianika, akalinusa, akampakulia chakula. Mume alishamzika, na Primus ndiye mtoto pekee aliyebaki naye kihambani, kwenye shamba la ukoo.

Watu wa vijiji vya juu mlimani, vinavyopakana na msitu, walikuwa na imani moja: mwezi wa tano msitu hauna macho. Ukungu unashuka mpaka migombani, ndege hazioni chini, na askari wa misitu wanaota moto. Mwenye mambo yake huyafanya wakati huo.

Kwa hiyo Shedrack, afisa misitu, alipoitisha mkutano kijijini na kuwaonyesha picha mbili za kijivu zilizopigwa kutoka angani, watu walimcheka.

"Mjukuu wangu," alisema mzee Elimringi, "huu ni msitu au ngozi ya mbuzi?"

"Ni msitu, babu. Hii ya kabla ya mvua, hii ya juzi."

"Juzi! Juzi mimi sikuuona hata mgomba wa mlangoni kwangu. Wewe umeuonaje msitu ukiwa mbinguni?"

Shedrack alisubiri kicheko kiishe. Akaeleza kwamba picha zimepigwa na setilaiti, chombo kisichohitaji jua. Kinatuma mawimbi ya rada, nayo yanapenya wingu, yanagonga miti na kurudi. Penye miti yanarudi kwa namna moja, palipofyekwa kwa namna nyingine. Chombo kinapita tena na tena juu ya mahali palepale, na wao wanalinganisha picha ya zamani na mpya.

"Kidonda hiki," alisema, kidole kikiwa juu ya baka jeusi, "kabla ya mvua hakikuwepo. Kiko hapo juu, mfereji wenu unapoanzia. Picha haijui nani amekata. Inajua wapi. Nawasubiri askari tu, wakifika tunapanda huko juu."

Hakuna aliyecheka tena. Mfereji ule ulikuwa wa wote.

Lukresia alitoka taratibu, kama mtu aliyekumbuka ng'ombe hajala. Asubuhi ile Primus alikuwa ameondoka na kamba. Askari walikuwa na bunduki, na mtu anayekimbia ndani ya ukungu hana uso. Ni kivuli tu, na kivuli hupigwa risasi.

Mpakani mwa kihamba chake alichuma jani la isale, akalifunga fundo. Uchaggani, anayekuomba msamaha kwa isale humkatalii. Lakini jani hilo hupelekwa na mkosaji kwa aliyemkosea. Mama kumpelekea mwanawe wa kumzaa, hilo Lukresia hakuwahi kulisikia.

Alipanda bila kupumzika, akaingia msituni, akifuata harufu. Ghafla miti ikaisha. Mbele yake palikuwa na uwazi mkubwa kama kiwanja cha kanisa, visiki vitupu, na Primus akipanga mbao na rafiki yake Julius.

"Mama! Umefikaje huku?"

"Wanakuja. Wamepaona."

"Shikamoo kwanza, mama," Julius alicheka. "Nani apaone? Leo hata ndege wanatembea kwa miguu."

"Marahaba. Wana rada. Haijali ukungu."

Julius aliangalia juu. Wakati huohuo filimbi ililia bondeni. Akaiacha mbao aliyoishika, akatokomea kichakani.

"Napita korongoni," Primus alisema. "Nitatokea sokoni Kwa Sadala, niende kwa mjomba."

"Usikimbie."

"Nikae nifungwe?"

"Ukifungwa nitakuletea chakula. Ukipigwa risasi nitakuletea nini?"

Primus alishageuka. Lukresia akazunguka mbele yake, akamnyooshea isale kwa mikono miwili. Kijana alirudi nyuma kana kwamba ameonyeshwa nyoka.

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Nimeshafanya."

Matawi yalivunjika karibu. Primus alilitazama korongo, akamtazama mama yake, akalipokea jani. Kisha akakaa juu ya kisiki, mikono ikionekana.

Mtutu wa bunduki ulitangulia kutoka ukunguni, kisha askari wawili, kisha Shedrack.

"Nani amekata hapa?" Shedrack aliuliza.

"Sisi tumekuja kutafuta majani ya ng'ombe," Lukresia alianza, "tukakuta..."

"Ni mimi," alisema Primus.

Askari mmoja akashusha bunduki, akatoa pingu. Walipoanza kuteremka, Lukresia alitangulia kwenye kijia chembamba, akitembea polepole makusudi, ili nyuma yake mtu yeyote asipate sababu ya kuharakisha.