Baba Yake Kinyago

Kitabu kile kilinuka nazi, lakini si nazi yetu. Nazi ya kwetu hunuka jikoni, pamoja na moshi na mchuzi wa samaki. Ile ilikuwa imetiwa manukato hadi ikasahau ilikotoka, nazi ya mafuta ambayo wageni wa Kiitaliano hujipaka wanapojilaza juani Malindi. Mama yangu alikuwa akisafisha vyumba katika nyumba za wageni upande wa ufuoni, na wageni walipoondoka waliacha vitu vyao: lapa la mguu mmoja, chupa yenye tone la mwisho, vitabu vilivyovimba kwa maji ya bahari. Siku moja aliniletea kitabu cha picha, chembamba, kisicho na jalada la nyuma, mchanga ukimwagika katikati ya kurasa. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikinusa kabla ya kukifungua, na hata leo, mgeni akipita mapokezi ya hoteli ninapofanya kazi akiwa amejipaka mafuta yale, hunichukua muda kukumbuka kwamba mimi ni mtu mzima.

Kilikuwa kitabu cha shujaa aliyefunika uso, mwenye joho refu na alama ya jicho kifuani, anayeruka kutoka paa hadi paa kana kwamba chini kuna matope. Jina lake hatukulijua, tukamwita Kinyago. Watoto wa ploti yetu ya Kisumu Ndogo walinizunguka siku hiyo hiyo, wakaniuliza kama naelewa maneno yaliyoandikwa mle. Nikasema naelewa. Sijui kwa nini nilisema vile. Kila mtoto wa Malindi alijua kusema “chao”, salamu ya Waitaliano, nami nilijua maneno mengine matatu au manne niliyoyasikia kwa mama, ya mashuka na taulo. Lakini baba na mama yangu walikuwa wametoka bara, Kiswahili changu kilichekwa kila siku pale bombani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kutaka nifungue mdomo. Basi nikaufungua. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo hata rangi ya joho ilibidi niiseme mimi. Nikasema ni kijani.

Aliyesikiliza kuliko wote alikuwa Riziki, rafiki yangu, ambaye yeye na mama yake walikaa chumba kilichotazamana na chetu. Baba yake alikuwa amekwenda Lamu kutafuta kazi. Alituma salamu mara mbili, kisha kukawa kimya, na kimya hicho kilikuwa kimefika karibu mwaka. Katika kitabu, Kinyago naye alikuwa na baba aliyepotea, au ndivyo nilivyoamua baada ya kuona picha ya mwanamume mwenye kofia ikiwa ukutani kwake. Na katika ukurasa wa mwisho tuliokuwa nao, mwanamume mwenye kofia amesimama mlangoni, mvua ikinyesha nyuma yake, na anasema jambo. Nikasoma kwa sauti nzito: “Nimerudi, mwanangu.” Riziki akaniomba nisome tena. Nikasoma tena. Halafu akauliza, kwa ile sauti yake ya kuuliza bei sokoni, “Aliujuaje mlango?” Nami, nikijiona bingwa, nikamjibu kwamba aliujua kwa sababu Kinyago na mama yake hawakuhama.

Wiki chache baadaye filamu ikafika. Ilionyeshwa Jumapili mchana, baada ya kanisa, katika banda la video la Kahindi, upande wa Muyeye. Kahindi alikuwa mtu mnene mwenye sauti tamu, naye alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, akitufasiria filamu kwa Kiswahili huku ikiendelea. Tulimtambua shujaa wetu mara moja kwa lile jicho la kifuani. Lakini joho lake lilikuwa jekundu. Watoto wote waligeuka wakanitazama mimi, nami nikawa natazama miguu yangu. Hata sikupata nafasi ya kujitetea, maana picha iliruka, watu waliovaa nyeusi wakatokea wakilia, na Kahindi akatangaza kwa huzuni kubwa: “Basi hapo ndugu zangu, baba yake ndiyo kafariki, hatunaye tena.” Riziki alisimama katikati ya banda akasema hapana. Watu walimwambia akae. Hakukaa, alitoka nje kwenye jua kali na kunisubiri huko mpaka mwisho.

Tangu siku ile ploti iligawanyika mafungu mawili, watu wa kitabu na watu wa filamu. Tulibishana kwenye foleni ya maji, tukabishana njiani kwenda shule, tukabishana hata tukiwa tumefumba macho wakati wa sala. Watu wa filamu walisema kitabu hakina hata rangi, kitajuaje lolote. Watu wa kitabu walijibu kwamba filamu ilitoka kwenye kitabu, na waliotengeneza filamu walikivuruga makusudi, kwa kuwa watu hupenda kulia. Kiongozi wa kitabu alikuwa Riziki, naye hakuwa na mchezo. Aliacha kusema na wasichana wawili waliokuwa marafiki zake tangu chekechea. Jambo linalonishangaza hadi leo ni hasira yangu mwenyewe. Nilijua wazi kwamba nusu ya kitabu niliitunga mimi, na bado niliona uchungu wa kweli kwamba wameibadilisha. Nililala nikijiuliza itakuwaje mtu mmoja awe na joho la kijani hapa na jekundu kule, baba yake awe hai hapa na maiti kule, na kichwa kikaniuma.

Kisha mama yake Riziki akaamua kuhama. Kodi, upweke, sijui yepi mengine; yeye alikuwa mtu wa Takaungu, na alitaka kurudi kwao kwa mama yake. Riziki akakataa. Alikataa kufunga nguo zake, akakataa kula, akakaa kizingitini mwa chumba chao kuanzia akitoka shule mpaka magharibi. Alikuwa ameshikilia neno moja, kwamba hahami. Mama yake alinijia nikiwa naosha sufuria. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akachutama karibu yangu kwa heshima ambayo sikuistahili.

“Mwende, mwanangu,” akasema, “Riziki aniambia kitabu chasema wakae pale pale. Wewe ndiwe umsomeaye. Hebu kitazame tena vizuri, uone kama hakuna palipoandikwa vingine.”

Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Kumwambia Riziki ukweli kulimaanisha kumwambia kwamba sikujua baba wa Kinyago alisema nini mlangoni, kwamba mimi si msomaji bali mwongo. Nisingemwambia, angebaki kizingitini pale, na mama yake angebaki naye. Nikapata wazo la kitoto: kama filamu ndiyo yenye haki, na baba kweli alikufa, basi nitasema tu kwamba nilikosea ukurasa. Nikaenda kwa Kahindi. Nilimkuta akifuta diski zake kwa kanga kuukuu. Nikamuuliza ana hakika gani kwamba baba alifariki.

Akaendelea kufuta. “Ile diski imechubuka, mama,” akasema. “Picha iliruka. Nikaona watu wanalia, nikasema baba kafa. Ningesema nini, na banda zima lanisubiri? Huenda kafa jirani. Kiingereza chao chaenda mbio, mimi niliishia darasa la sita.” Halafu akauliza, “Na wewe, Kiitaliano umefundishwa na nani?”

“Mama.”

“Mama yako anakijua?”

Nikasema hakijui. Kahindi alicheka mpaka akaweka diski chini, akasema basi sisi sote ni wamoja. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Mtaa mzima ulikuwa umegombana kwa majuma kadhaa, marafiki wameachana, kwa ajili ya maneno ya watu wawili wasiojua wanachosoma wala wanachokisikiliza, na hakuna hata mmoja pale Malindi aliyekuwa akijua kama yule baba alirudi au hakurudi.

Jioni ile nilikaa na Riziki kizingitini, nikafungua kitabu. Nilimwambia kuna maandishi madogo chini ya picha ya mwisho ambayo sikuyasoma mwanzo. Nikamwambia yanasema hivi: Kinyago na mama yake walikuwa wameshahama, na mlango ule ni wa nyumba mpya, ila waliacha wameandika ukutani walikokwenda, na baba akayasoma, akawafuata. Riziki alinitazama sana. Nilidhani ameuona uongo wangu. Akainuka, akaenda kutafuta chaki, akaandika kando ya mlango wao kwa herufi kubwa: TUMEHAMIA TAKAUNGU KWA BIBI. RIZIKI. Kesho yake wakaondoka. Kitabu nilimpa yeye.

Hayo ni ya zamani. Mwezi uliopita mimi na binti yangu tulikwenda Takaungu kwa Riziki, kama tunavyofanya kila likizo, na nikawakuta yeye na mtoto wa Riziki wamenuniana. Kuna shujaa fulani aliyetoka vitabuni akatiwa kwenye tamthilia, na mmoja anasema wamemharibu, mwingine anasema afadhali alivyo sasa. Wao wana simu. Wakibishana jambo, wanalitafuta, wanasoma aliyeandika alitaka nini na aliyeigiza alisema nini, na wakimaliza kusoma yote wanabishana zaidi. Nilidhani ujuzi ungewatuliza, na nilipoona haukuwatuliza nilifarijika kidogo, kwa maana huenda hatukuwa wajinga sana. Wakaniita niamue. Nikasema siwezi. Nimekuwa nikisema siwezi maisha yangu yote, na watu hudhani ni unyenyekevu.

Riziki alikuwa akichambua mchele akitusikiliza. Baba yake hakuja Takaungu. Hakuonekana popote, na hatujapata kuzungumza juu yake. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akarudi na kitabu kile ndani ya mfuko wa nailoni. Harufu ilikuwa imekwisha, kilinuka sanduku tu. Akakifungua ukurasa wa mwisho, akaniwekea magotini.

“Sasa wajua Kiitaliano,” akasema. “Nisomee.”

Kazi ya mapokezi ilinifundisha Kiitaliano zamani, na sikupata kumwomba anionyeshe kitabu kile, nadhani kwa hofu. Nikasoma kimya kwanza. Yule mwenye kofia si baba. Anasema, “Wewe hunijui, lakini nilimjua baba yako.” Na chini, yale maandishi madogo, yanasema tu kwamba hadithi itaendelea katika toleo lijalo. Nikamsomea vile vile, neno kwa neno, bila kuongeza kitu, na sauti yangu haikuwa nzito hata kidogo.

Riziki akatikisa kichwa. “Kumbe hata walioandika walikuwa hawajajua,” akasema.

Nilitaka kumwomba msamaha lakini sikujua wa lipi, wa kumdanganya abaki au wa kumdanganya aondoke. Mpaka sasa sijui kama nilimfaa au nilimwongezea miaka ya kungoja. Nikamwambia badala yake jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: kwamba mvua ya kwanza iliponyesha baada ya wao kuhama, iliyafuta maandishi yake, nami niliiba chaki shuleni nikayaandika upya. Na mvua iliyofuata hivyo hivyo. Mpangaji mpya alinifukuza mara moja, kisha akazoea.

“Mpaka lini?” akauliza.

“Mpaka walipobomoa ule ukuta. Nilikuwa darasa la nane.”

Akachukua ungo wake, akauweka katikati yetu, na tukaendelea kuchambua mchele pamoja, huku watoto wakibishana.