Tukutuku Lililokataa Kuwaka

Samli ikidondokea bomba la moto hutoa harufu isiyofanana na ya jikoni. Ni nzito, ina uchachu kidogo, hukaa kooni, na mbwa huifuata. Kiangazi kimoja cha miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa kuchunga ndama na kuteka maji, ua wetu pale Samuye ulinuka hivyo tangu pamba ilipouzwa hadi mawingu ya kwanza. Baba alikuwa akilifufua tukutuku lake, ndivyo tulivyoiita pikipiki zama zile, na kwa kuwa grisi ilikuwa adimu, mnyororo aliupaka samli ya ng'ombe wetu. Mbwa wa majirani walikuja kulala nje ya ua wakingoja bahati. Mama aliitazama samli yake ikiishia kwenye chuma. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kabla kazi haijaanza.

Lilikuwa tukutuku kubwa la safari ndefu, lenye nafasi ya watu wawili na mifuko ya ngozi ubavuni. Baba alilinunua kwa Mzungu mpima ardhi aliyekuwa akirudi kwao, siku zile baba alipokuwa akitoboa miamba katika mgodi wa dhahabu kule Geita. Huko ndiko alikomwoa mama, binti wa Kizinza, na kila likizo walipanda tukutuku lao wakaja Samuye kuwaona wazee, wakipitia Kahama na Tinde katika vumbi jekundu mwanzo mpaka mwisho. Kisha mgodi ukamchukua kifua. Vumbi la mwamba lilimjaa mapafuni, na alipoanza kukohoa mpaka mashine ikamtoka mikononi, akaambiwa arudi kwao. Alirudi kulima pamba, naye hakuwa na pumzi ya kumaliza tuta moja. Tukutuku likawekwa nyuma ya ghala la mtama, na kwa miaka kuku walitaga juu ya tandiko lake wakaona ni lao.

Basi mwaka ule pamba ilipouzwa, baba aliwafukuza kuku. Alitangaza wakati wa chakula kwamba atampeleka mama Geita kuwasalimu wakwe, kwa njia ileile ya zamani, na watalala palepale walipokuwa wakilala. Alisema hivyo kwa macho ya kijana, na mwili wake ukiwa umekonda kama mti wa uzio. Akamwita fundi Saidi, mtu wa Tabora aliyekuwa akitengeneza baiskeli pale Tinde, naye akaja na mfuko wa spana akalizunguka lile gofu akicheka taratibu. Alisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini hapa hata uhunzi wenyewe umelala. Hata hivyo alivua kanzu akaanza kazi. Gasketi zilikatwa kwenye ngozi ya mbuzi, spoku zilizokosekana zikatolewa kwenye baiskeli, tandiko likavikwa ngozi ya ng'ombe yenye manyoya yake. Mimi niliosha skrubu kwa mafuta ya taa katika sufuria ambayo mama hakuipikia tena. Baba alikaza nati mbili tatu, kisha akakaa kwenye kigoda akihema, mkono kifuani, akimwelekeza Saidi kwa kidole.

Jioni alitusimulia safari zao. Swala walikimbia sambamba nao mbugani, watoto wa Kahama waliwafuata wakipiga vigelegele, na mahali fulani bibi mmoja alilipiga tukutuku kwa fimbo akidhani ni mnyama. Alisimulia vizuri, nami nilitamani ningekuwepo. Mama alikuwa akibangua karanga bila kuinua uso. Siku moja tukiwa kisimani nilimuuliza kwa nini hafurahi kama baba, akanipa nusu ya pili ya hadithi. Baba, kama Msukuma yeyote aliyelelewa, hakuweza kumpita mzee njiani bila kumwamkia, na salamu ya Kisukuma si ya kurusha mkono ukaenda zako. Unasimama, unataja ukoo, unaulizwa wa nyumbani, mvua na mifugo. Hayo hayawezekani injini ikinguruma, ingekuwa dharau, kwa hiyo baba alizima. Tukutuku nalo lilikuwa na kasoro moja, kwamba likishapata moto likazimwa, haliwaki tena mpaka lisukumwe. Baba alipaswa kukaa juu ashike klachi, na wa kusukuma alikuwa mama. Wazee barabara ile walikuwa wengi, na mwaka mmojawapo mimi nilikuwa tumboni, kwa hiyo naweza kusema kwamba nami nilisukuma. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, alimalizia mama, akajitwika mtungi.

Neno lenyewe lilitoka wiki ile. Baba alikuwa akiwaza watalala wapi usiku wa kwanza, akamuuliza mama mbona amekaa kama mtu anayepelekwa msibani. Mama alimwita kwa jina langu, bila kupandisha sauti.

"Baba Kabula, barabara ile wewe uliiona mbele yako. Mimi niliona mgongo wako."

Baba alilirudisha tonge sahanini. Naamini hakuwa amejua. Watu wawili wanaweza kusafiri pamoja miaka mingi na kila mmoja akarudi na safari yake. Kesho yake hakutoka nje. Saidi alikuja, akakuta spana palepale, akaondoka. Siku zikapita baba akiwa kitandani uso ukutani, kikohozi kikija bila yeye hata kuinuka kukipokea, na mimi nikaingiwa na hofu, maana nilishawaona wanaume wengine waliorudi na kifua kile. Walikuwa wakianza kwa kuacha kuamka. Mama naye aliliona hilo kabla yangu. Asubuhi moja alichukua kibuyu cha samli, kile cha mwisho, akakiweka kando ya gurudumu, akaingia jikoni. Baba alitoka kabla ya jua kupata ukali.

Siku ya kulijaribu walisema wataenda Tinde tu na kurudi, Geita ifuate wiki ya pili. Mama alivaa kanga mpya akakaa upande kwenye lile tandiko la manyoya. Injini iliitika, kuku wakaruka, Saidi akamshukuru Mungu kwa Kiarabu chote alichokijua. Mimi nilikimbia pembeni. Hatukufika mbali. Mzee Masanja, jirani yetu mkubwa kwa umri, alikuwa ameketi mbele ya ua wake kando ya njia, akainuka kwa shida.

"Mwangaluka," alitoa salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

Baba akazima. Angefanyaje? Wakasalimiana salamu yote, mpaka ndama aliyezaliwa juzi. Tukutuku likakataa kuwaka. Mama, bila kufikiri, alianza kuteremka, mguu mmoja tayari ukitafuta chini.

"Kaa hapohapo, Mama Kabula," baba akasema. "Leo zamu yangu."

Mama akaurudisha mguu. Baba akashika usukani, akainama, akaanza kulisukuma lile dude la chuma na mkewe juu yake kuelekea mteremko wa korongoni. Alisukuma, akasimama, akaweka paji la uso juu ya tangi akikohoa mpaka mabega yakatikisika, akasukuma tena. Wanawake waliotoka kisimani walisimama na ndoo zao wakiulizana kwa sauti ni mke gani huyu. Saidi alikimbia kusaidia, mama akamnyooshea kiganja kumzuia. Mimi nililia. Mama alikaa wima, macho mbele, kama bibi harusi. Kwenye mteremko injini ikashika, baba akajirusha juu, wakapotea katika vumbi. Walikunywa chai Tinde wakarudi alasiri, baba akilisimulia hilo mpaka jioni. Geita hawakufika. Wiki ya pili hakuweza kuinuka, na alifariki tukiwa katika palizi ya pamba.

Nilimchukia mama kwa siku ile, na nilikuwa nimeshazaa mtoto wa pili nilipothubutu kumuuliza kwa nini hakushuka. Akanijibu.

"Ningeshuka, angejua kwamba amekwisha."

Siku hizi mtu hutoka Tinde asubuhi akala chakula cha mchana Geita. Wanangu walinipeleka mwaka jana kwa gari lao, nikasinzia njia nzima, nikafika bila la kusimulia. Ni watoto wema. Nikiinuka wananishika kiwiko. Nikigusa ndoo inapokewa kabla haijaondoka chini, na nikisema nitatembea hadi dukani, mmoja ameshaita bodaboda. Majirani husema nimebarikiwa, nami huitikia kwamba kweli, kisha nakaa nilipokalishwa, nikiwa nimechoka kwa kutofanya lolote. Huruma ya kushuka ninayo tele nyumbani kwangu. Ile ya kukaa juu, kumwacha mtu asukume, sijaiona tena tangu tulipomzika mama.