Mwanzishaji wa Nyimba za Maziko

Kanisa letu lilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mji wa Baraka, huko Kongo: kuta za udongo, paa la nyasi, na vitabu vitatu vya nyimba kwa watu karibu mia mbili. Hata vingekuwa mia, wengi wetu hatukujua kusoma. Kwa hiyo tulimtegemea Constance. Yeye aliimba ubeti peke yake, sisi sote tukaitikia pambio, na hivyo ndivyo tulivyomwabudu Mungu. Jumapili aliyougua tulikaa tu kwenye magogo tukitazamana.

Alikuwa mjane mfupi, mwenye mikono ya kulima, na moyo wake ulikuwa mgumu, nasema wazi. Nilimpenda na nilimwogopa. Akifa Mkristo, hata mvua ikinyesha, Constance alitangulia mbele ya maiti akiimba tangu nyumbani hadi kaburini, nasi akina mama nyuma yake tukiitikia. Siku zile kufa hakukututisha sana, maana tulijua tutasindikizwa.

Lakini aliyetengwa na kanisa hakuimbiwa. Sheria ilikuwa hiyo: akifa kabla ya kutubu mbele ya watu wote, ndugu zake wanamzika kimya, bila sala, bila wimbo. Mwaka 1953 alikufa binti wa Adolphine, jirani yetu. Alikuwa ametengwa kwa kuolewa mke wa pili. Adolphine alipiga magoti matopeni akimwomba Constance wimbo mmoja tu. Constance alitugeukia, akatuambia tufunge vinywa.

"Tukiimbia kila muntu, batu batatubu juu ya nini?" alisema.

Tukafunga vinywa. Wengine tulijisikia watakatifu kabisa, Mungu atusamehe.

Miaka mitatu baadaye ikawa zamu yake. Alphonse, mwanawe wa pekee, alikuwa amekwenda mjini Albertville kubeba mizigo bandarini, akarudi mlevi na kifua kibovu. Wazee wa kanisa wakamtenga. Mwaka mzima mama yake alimsihi, akamgombeza, akamnyima hata chakula, mpaka mwishowe akakubali kutubu. Wazee wakapanga atubu mbele ya kanisa Jumamosi, siku moja kabla ya Meza ya Bwana. Constance alimfulia shati. Alhamisi asubuhi Alphonse alitapika damu, akafa.

Constance hakulia kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa Isidore, mkubwa wa wazee wetu, nami nikamfuata nikasimama mlangoni.

"Baba Isidore, mutoto alikuwa amekubali kutubu. Mi mwenyewe nilimusikia."

"Nani mwingine alimusikia akitubu?"

"Hakuna."

"Basi kanisa haikumusikia, mama."

"Mi siombe sala. Naomba wimbo moja. Moja tu."

Isidore hakuwa mtu mbaya. Alijifuta uso kwa mikono miwili.

"Mama Constance, na mutoto wa Adolphine je? Adolphine nitamuambia nini?"

Constance alikaa chini pale pale kwenye udongo, na nilipomshika mkono kumwinua alikuwa mzito kama gunia la mihogo.

Tulimzika Alphonse mchana. Tulikuja akina mama kumi na wanane, na Adolphine mmoja wetu. Wajomba walimshusha katika mkeka wake bila sala. Isidore alisimama mbali kidogo, kofia mkononi. Ndipo Constance, bila kuruhusiwa na mtu, akaanzisha wimbo.

Sauti ilikuwa ile ile yake. Aliumaliza ubeti wa kwanza, akatutazama usoni mmoja mmoja, akatungoja.

Pambio nililijua tangu utotoni. Lilikuwa limenifika kooni. Nilimtazama Adolphine, nikasema moyoni, huyu akiitikia, nami naitikia. Adolphine alikuwa analia, midomo ameibana. Nadhani wote kumi na wanane tulikuwa tunamngoja mwingine. Tuliogopa kutengwa sisi nasi, tukaogopa kumtukana Adolphine mbele ya macho yake, na mwanamke aliyewaimbia wafu wetu miaka kumi na tano tukamwacha amesimama peke yake. Aibu ile ninayo mpaka leo, na hakuna mzee wa kanisa wa kuniondolea.

Constance aliitikia mwenyewe. Aliimba pambio kwa sauti ndogo, akaingia ubeti wa pili, akaumaliza, akatungoja tena. Akaitikia mwenyewe tena. Ubeti wa tatu vilevile, na wajomba walikuwa wameshaanza kurudisha udongo.

Alipomaliza ubeti wa nne hakutungoja tena, akaingia pambio moja kwa moja.