Shangazi Wawili Kwenye Picha Moja

Jamani, leo nimeponea chupuchupu.

Ile picha ya maulidi ya harusi kule Shangani nilipiga vipande vinne kwa lenzi yangu iliyobinuka, nikaviunga kwenye kompyuta viwe picha moja ndefu.

Asubuhi naifungua, kiungo cha vipande viwili kimepita katikati ya uso wa Mama Zuhura, mama wa bibi harusi. Ana pua mbili.

Shangazi yake Zuhura naye yupo mara mbili. Alikuwa akizunguka na mrashi kunyunyizia wageni marashi, nami nageuza kamera upande uleule.

Na wenyewe wanaifuata baada ya alasiri.

Bahati lenzi ile inaona hadi pembeni kabisa, kwa hiyo kwenye kipande cha jirani Mama Zuhura alikuwemo mzima. Nikakihamishia kiungo kwenye mwimo wa mlango. Shangazi mmoja nikamfuta.

Walipofika, Mama Zuhura akaitazama.

"Nimetoka vizuri, mwanangu."

Nikapumua.

Shangazi akasogea. "Nimewazungukia wageni wote mpaka miguu ikavimba. Mbona hapa nimesimama tu mlangoni?"

Mngemjibu nini? Maana ushahidi nilikuwa nao, na nimeufuta asubuhi kwa mkono wangu.