Sauti Haimo

Mnisamehe mwandiko huu, na maneno nitakayoyakosea. Niliishia shule ya msingi na kalamu yangu ni nzito, ila jambo hili haliniachi.

Baba alikuwa dobi wa hoteli moja Diani. Hoteli ilipobadilisha kompyuta zake alipewa moja kuukuu, akaileta nyumbani Msambweni. Jioni moja alijirekodi video akimtania mama aliyekuwa jikoni. Hatukuitazama. Akaugua, akafariki, na kompyuta nayo ikawa ukiiwasha inaishia kwenye kioo cheusi.

Mama alikuwa ndani ya eda, hatoki. Akaniambia, "Mwanangu, nataka kuisikia sauti ya babako tu. Uso wake ninao."

Mimi huona haya kusema na watu. Hata hivyo niliibeba kompyuta mpaka saiba moja, duka la intaneti, huko Ukunda, nikamwamkia fundi, "Shikamoo."

"Hiyo mpelekee babako," akacheka. "Mimi nisalimie 'sasa' tu."

Nikaiweka kompyuta mezani. Hakujua.

Nikamwambia naitaka video ya baba iliyomo, akaikagua mashine. "Hii ni shosho, bibi kizee. Programu yake imeoza. Tutapakua programu nyingine, Linux, tuiweke kwenye CD, iwakie hapo bila kugusa vitu vya mzee."

CD ya kwanza ilikuwa ya kompyuta mpya, mashine ikaikataa. "Umempa shosho mifupa," mwenzake akamcheka. Wakatafuta Linux ya zamani, nyepesi. Ilipokaribia kumalizika stima ikapotea, tukaanza upya kesho yake. Niliutazama ule mstari ukijaa polepole huku nikiomba dua kimoyomoyo, kana kwamba baba yuko njiani.

Hiyo iliwaka. Nikairudisha nyumbani, nikaketi na mama chumbani, nikaifungua video. Baba akatokea na fulana yake ya kazini, mdomo unakwenda. Sauti hamna. Nikaongeza. Nikachomeka spika. Hamna.

Mama aliinama akaifuata midomo. "Hapo anasema nimeunguza wali," akasema. "Hapo anasema ataula hivyo hivyo, kwani afanyeje." Akatabasamu kidogo.

Mwishoni baba alisogea karibu na kioo, akasema kitu taratibu, cha mtu asiyetaka kusikika jikoni.

"Rudisha," mama akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena." Akatazama mpaka ikaisha. "Hapo sijui. Hapo sikumsikia."

Nilipoirudisha Ukunda, fundi alinieleza kwamba maikrofoni ilikuwa imekufa zamani. "Sauti haikuingia, kijana. Hakuna Linux itakayoileta."

Nilipofika nyumbani mama aliuliza, "Wasemaje?"

Nikamjibu kwamba tunatafuta CD nyingine.

Eda imekwisha, nami bado ninazipakua, hii na ile, zote za mashine kuukuu. Kila niletapo moja mama huacha analolifanya, hujitanda ushungi wake vizuri kama anayepokea mgeni, huketi. Midomo ya baba huenda. Mama husema ya wali, kisha hunyamaza pale pale.

Ndiyo maana naandika. Baba alizoea kuitwa kusoma kasida kwenye harusi za Kinondo na Tiwi. Alikuwa na sauti nzito, na hakuanza kabla ya kukohoa mara moja. Kama simu yako ilirekodi harusi huko, hebu sikiliza nyuma ya kelele za watu. Ukimsikia, niandikie. Hata kikohozi peke yake, nitampelekea mama.